Michael Mästlin, Mwalimu wa Hesabu Aliyezihesabu Nyota za Kilimia



Kila mkulima wa Singida azijua nyota za Kilimia. Mwezi wa Novemba, mvua zinapongojewa na wenye mtama na uwele wanapotengeneza mashamba yao, Kilimia huonekana upande wa mashariki jua likiisha kuchwa. Mwezi wa Mei hushuka magharibi pamoja na jua, hata kisionekane tena kwa majuma kadhaa. Kisha mwezi wa Juni huzuka upya alfajiri. Kwa hiyo wazee walisema, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wazee hao hawakuwa na kalenda ya ukutani, lakini walikuwa na macho, na saburi, na kumbukumbu. Tena jina la Kilimia limo hata katika Biblia yetu ya Kiswahili, katika kitabu cha Ayubu, mlango wa 38, pale Mungu amwulizapo Ayubu maswali asiyoweza kuyajibu.

Katika somo la mwezi huu twataka kueleza habari za mtu mmoja aliyezihesabu nyota hizo na kuzichora katika mwaka 1579, kabla darubini haijajulikana. Jina lake ni Michael Mästlin. Alikuwa mchungaji msaidizi wa Kilutheri katika mji mdogo wa Ujerumani, kisha akawa mwalimu mkuu wa hesabu katika chuo kikuu kwa miaka karibu hamsini. Wengi hawamjui, kwa sababu mwanafunzi wake, Johannes Kepler, alipata sifa kubwa kuliko yeye. Lakini maisha yake yatufaa sana, kwa kuwa wako vijana katika sharika zetu walioambiwa ya kwamba yawapasa kuchagua, ama Biblia ama elimu ya mbingu; na wako wazazi wadhanio kwamba hesabu ni kazi kavu isiyo na furaha, na kwamba kuzichungua nyota ni kazi ya wapiga ramli tu. Na tuone mtu huyu aliishije.

1. Kuzaliwa kwake na kusoma kwake

Mästlin alizaliwa tarehe 30 Septemba 1550 katika mji wa Göppingen, nchi ya Württemberg, kusini ya Ujerumani. Martin Luther alikuwa amekufa miaka minne tu kabla yake. Katika nchi ile majumba ya watawa yalikuwa yamegeuzwa kuwa shule, na mtawala alikuwa ameweka fedha za kuwasomesha vijana wenye akili, hata wana wa watu wasio na mali, ili nchi ipate wachungaji na walimu. Kwa njia hiyo Mästlin alifika katika chuo kikuu cha Tübingen mwaka 1568, akasoma ili awe mtumishi wa Kanisa. Lakini huko alikutana na mwalimu wa hesabu, Philipp Apian, na moyo wake ukashikwa na elimu ya nyota.

Mwaka 1570, akiwa bado mwanafunzi, alinunua kitabu cha Copernicus, kilichopigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1543. Copernicus alifundisha jambo ambalo wakati ule watu wengi waliliona kuwa upuzi: ya kwamba dunia hii tuikanyagayo haikusimama katikati ya vyote, bali yajizungusha yenyewe kila siku, na kulizunguka jua kila mwaka. Kitabu kile kile cha Mästlin kipo hata leo, kimetunzwa katika maktaba ya mji wa Schaffhausen, Uswisi, na kando za kurasa zake zimejaa maandishi yake madogo madogo. Hakukisoma mara moja na kukiweka. Alikisoma kwa muda wa maisha yake yote, akihesabu tena kila hesabu iliyomo, akisahihisha palipokosewa, akiuliza palipofichika. Hivyo ndivyo asomavyo mtu apendaye kweli.

2. Uzi na nyota mpya

Mwezi wa Novemba 1572 nyota mpya ilionekana upande wa kaskazini, katika kundi liitwalo Kasiopea. Ilikuwa na mwanga mkubwa kama ule wa Zuhura, wala haikuwapo hapo kwanza. Watu wote walistaajabu, na wengi waliogopa. Wenye elimu nao walifadhaika, kwa sababu tangu siku za Aristotle, miaka karibu elfu mbili, ilifundishwa kwamba juu ya mwezi hakuna kitu kiwezacho kubadilika. Mabadiliko yote yako hapa chini, chini ya mwezi. Basi wengine wakasema, bila shaka nyota hii si nyota, ni moto tu unaowaka angani karibu nasi.

Mästlin alikuwa kijana wa miaka 22. Kule Denmark alikuwako mtu mkuu, Tycho Brahe, aliyekuwa na vyombo vya thamani vya kupimia mbingu. Mästlin hakuwa na vyombo kama hivyo. Alitwaa uzi.

Na tueleze jinsi alivyofanya, maana hata mtoto wa shule aweza kulifahamu. Simamisha kidole mbele ya uso wako, ufumbe jicho la kushoto, kisha ulifumbue na kufumba la kuume. Kidole chaonekana kuruka kutoka mahali hata mahali mbele ya mti ulio nyuma yake. Kitu kilicho karibu huonekana kuhama mtazamaji ahamapo. Kitu kilicho mbali sana hakionekani kuhama. Mwezi nao, kwa kuwa u karibu, huonekana kuhama kidogo kati ya nyota kwa sababu ya mahali pa mtazamaji, ambaye huchukuliwa na dunia izungukapo usiku kucha. Mästlin aliunyosha uzi mbele ya macho yake, hata ukapita juu ya nyota mpya na juu ya nyota nyingine mbili za zamani, zote kwa mstari mmoja. Kisha akatafuta nyota mbili nyingine, akapata mstari wa pili upitao juu ya nyota mpya. Mistari miwili ikikatana, mahali pa kukatana ni pamoja tu. Akangoja. Saa zikapita, mbingu zikageuka, akaunyosha uzi tena na tena. Nyota ile haikutoka katika mistari yake hata kidogo.

Basi maana yake ni hii: nyota mpya haikuwa chini ya mwezi, wala karibu na mwezi, bali iko mbali, huko huko ziliko nyota nyingine. Na kama ndivyo, basi hata mbingu za juu hubadilika, na fundisho la miaka karibu elfu mbili limekosa. Mästlin aliandika habari hizo kwa maneno machache, zikapigwa chapa mwaka 1573. Tycho Brahe alipoandika kitabu chake kikubwa juu ya nyota ile, aliyaingiza humo maandishi ya kijana huyu, akamsifu. Leo wataalamu wajua kwamba yale yalikuwa mauti ya nyota ya kale, iliyopasuka kwa nguvu kupita kiasi, na mabaki yake yangali yaonekana kwa vyombo vya siku hizi.

Mara nyingi twasikia watu wakisema, Hatuwezi, hatuna vyombo. Uzi uko katika kila nyumba.

3. Mchungaji msaidizi wa Backnang

Mwaka 1576 Mästlin alipelekwa Backnang kuwa mchungaji msaidizi. Mwaka uliofuata akaoa. Alihubiri, akabatiza, akazika wafu, kama wafanyavyo wachungaji wote. Na usiku, kazi ya mchana ikiisha, alitoka nje akatazama juu.

Mwishoni mwa mwaka 1577 nyota kubwa yenye mkia ilionekana. Katika nchi nyingi watu husema kwamba nyota yenye mkia ni ishara ya vita, au tauni, au kufa kwa mfalme; na watu wa Ujerumani walisema vivyo hivyo. Mästlin aliifuata usiku baada ya usiku, akapima, akahesabu. Akaona ya kuwa nyota hii pia iko mbali kuliko mwezi, nayo husafiri kati ya sayari. Tena alipotafuta njia gani yaweza kueleza mwendo wake, aliiona njia hiyo kuwa yalizunguka jua, kama sayari ya Zuhura ifanyavyo. Tangu hapo aliona nguvu zaidi katika mafundisho ya Copernicus.

Usiku wa tarehe 24 Desemba 1579, usiku wa kuamkia Noeli, alizichora nyota za Kilimia. Jambo hili ladai tulitafakari kidogo. Watu wengi wakikitazama Kilimia kwa macho matupu huona nyota sita, wengine saba. Mästlin alichora kumi na moja, kila moja mahali pake. Na Kepler aliandika baadaye kwamba mwalimu wake aliweza kuona hata kumi na nne. Walioilinganisha picha yake na picha zilizopigwa kwa darubini wameona kwamba haikuwa kazi ya kubuni. Nyota zake zapatana na nyota za kweli. Ikumbukwe kwamba Galileo aliielekeza darubini mbinguni miaka thelathini baadaye.

Leo twajua ya kwamba katika kundi la Kilimia zimo nyota zaidi ya elfu moja, wala umbali wake hauwezi kuhesabiwa kwa maili za barabara. Nuru hukimbia kilometa zipatazo 300,000 kwa sekunde moja, na hata hivyo nuru ya Kilimia yachukua miaka kama 440 kufika kwetu. Basi nuru iingiayo machoni petu usiku huu, tukisimama nje pale Kiomboi au Ikungi, ilitoka kwake karibu na siku zile ambapo mchungaji msaidizi wa Backnang alikuwa akizihesabu nyota hizo katika baridi ya Desemba.

4. Mwalimu mkuu wa hesabu

Mwaka 1580 Mästlin aliitwa kuwa mwalimu mkuu wa hesabu katika chuo kikuu cha Heidelberg. Huko, mwaka 1582, alitoa kitabu cha kufundishia elimu ya nyota, kilichopigwa chapa tena na tena. Ndipo akaitwa kurudi Tübingen, naye akaanza kazi huko mwaka 1584, asiondoke hata kufa kwake.

Kuitwa huko kulikuwa na uchungu ndani yake, wala tusiupite upesi. Kiti alichopewa kilikuwa kiti cha Philipp Apian, mwalimu wake mwenyewe. Apian alikuwa ameondolewa kazini kwa sababu alikataa kutia sahihi Kanuni ya Umoja, yaani kitabu cha maungamo ambacho walimu wote wa nchi ile walitakiwa kukikubali. Mzee alitoka kwa ajili ya dhamiri yake. Mwanafunzi wake akaingia. Sisi tulio wachungaji wa Kilutheri twakiheshimu kitabu kile. Lakini yatupasa kukumbuka ya kuwa wako watu waliolipa kwa ajili yake, na ya kuwa Mästlin aliifanya kazi yake yote katika kiti kilichoachwa namna hiyo.

Kazi ya mwalimu wa hesabu ilikuwa pana. Alifundisha kupima ardhi, kutengeneza saa za kivuli, kuhesabu siku ya Pasaka, kutabiri kupatwa kwa jua na mwezi. Katika mambo aliyoyafahamu liko moja ambalo kila msomaji aweza kuliona mwenyewe. Mwezi uandamapo, ukiwa mwembamba kama ukucha, twaona sehemu yake iliyobaki ikiwa na mwanga hafifu wa kijivu. Mwanga huo watoka wapi, kwa kuwa jua haliangazi upande ule? Mästlin alifundisha kwamba ni mwanga wa dunia yetu. Jua huiangaza dunia, dunia huurudisha mwanga mpaka mwezini, na mwezi huurudisha tena kwetu. Yaani dunia yenyewe yang'aa mbele ya mwezi, kama mwezi ung'aavyo mbele yetu. Kepler, alipokiandika jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1604, alisema wazi ya kuwa alifundishwa na Mästlin.

Lakini hatutaki kumchora bila doa. Mwaka 1582 Papa Gregory wa 13 alitengeneza kalenda upya. Siku kumi zikaondolewa, hata baada ya tarehe 4 Oktoba ikafuata tarehe 15. Mästlin aliandika kwa ukali akiipinga kalenda hiyo. Alikuwa na hoja za hesabu, lakini alikuwa na hoja nyingine pia: ya kwamba imetoka Roma. Waprotestanti wa Ujerumani waliikataa hata mwaka 1700. Kalenda hiyo ndiyo tuitumiayo sote leo, Walutheri na Wakatoliki, shuleni, sokoni na kanisani. Jua halikuuliza dhehebu la aliyelihesabu.

5. Mwalimu na mwanafunzi wake

Mwaka 1589 kijana mmoja maskini, mwembamba, mgonjwa wa macho, aliingia chuo cha Tübingen ili awe mchungaji. Ndiye Johannes Kepler. Mästlin aliwafundisha wanafunzi wote kwa kitabu chake cha kawaida, na katika kitabu hicho dunia imesimama katikati, kama ilivyofundishwa tangu zamani. Lakini kwa wale waliokuwa wamekomaa alieleza mafundisho ya Copernicus na sababu zake. Kepler akasikia, akashikwa, wala hakuachwa tena na neno lile maisha yake yote.

Wako wanaomlaumu Mästlin kwa habari hii. Husema, Kama aliamini kwamba dunia yazunguka, mbona kitabu chake hakikufundisha hivyo? Je, aliogopa? Wengine humtetea, wakisema mtoto hupewa maziwa kabla ya chakula kigumu. Tena hesabu za wanaoanza zilikuwa nyepesi zaidi kwa njia ya kale. Sisi twaona kwamba yote mawili yana ukweli wake. Nchi ile ilikuwa na wanatheolojia waliosoma habari za Yoshua, jinsi jua liliposimama, wakasema jambo limekwisha. Lakini Mästlin hakusema uongo chumbani mwake. Maandishi yake kando ya kitabu cha Copernicus yaonyesha alilolishika. Mwanzoni mwa kitabu kile Osiander, mchungaji wa Nürnberg, alikuwa ametia maneno bila kutaja jina lake, akisema haya ni mahesabu tu, si lazima yawe kweli. Mästlin aliandika hapo kwamba maneno hayo ni ya Osiander, wala hakupendezwa nayo.

Mwaka 1594 Kepler alipelekwa Graz, nchi ya Austria, kuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya Kilutheri. Alihuzunika, kwa kuwa alitaka kuwa mchungaji. Lakini mwaka uliofuata alimwandikia Mästlin kwamba sasa aona jinsi Mungu atukuzwavyo kwa kazi yake katika elimu ya nyota pia. Alipomaliza kitabu chake cha kwanza, aliupeleka mwandiko Tübingen. Mästlin aliusoma, akamtaka aeleze vizuri zaidi palipokuwa pagumu, akaushuhudia mbele ya wakuu wa chuo, kisha akasimamia kazi ya kupiga chapa, iliyomtwalia siku nyingi. Kitabu kilikuwa tayari mwaka 1597. Wazo lake kubwa halikuthibitika baadaye. Lakini kilikuwa kimoja cha vitabu vya kwanza vya wataalamu wa nyota, tangu Copernicus mwenyewe na mwanafunzi wake Rheticus, vilivyosimama waziwazi upande wa dunia izungukayo. Bila mikono ya Mästlin kisingetoka.

Mwaka ule ule, katika barua kwa Kepler, Mästlin aliandika hesabu ndogo ambayo wanahesabu wameikumbuka. Twaa kamba, uikate vipande viwili, hata kipande kifupi kiwe kwa kirefu kama kirefu kilivyo kwa kamba nzima. Kipande kirefu kitakuwa sehemu gani ya kamba? Alijibu: karibu 0.6180340. Ndiye wa kwanza ajulikanaye kuiandika hesabu hiyo kwa desimali, naye hakukosea hata tarakimu moja.

6. Kimya cha mwalimu

Mwaka 1600 mtawala wa Graz aliwafukuza Walutheri wote waliokataa kuiacha imani yao. Kepler alikataa. Akaondoka na mkewe na vyombo vyake, bila kazi. Alimwandikia mwalimu wake akiomba msaada, apatiwe mahali pa kufundisha Tübingen, hata padogo. Mästlin alijibu kwa huzuni kwamba hana la kumpa ila maombi. Kisha akanyamaza. Kepler aliandika tena, na tena. Miaka ikapita bila jibu.

Hatujapewa kuujua moyo wa Mästlin. Pengine aliona aibu kwa kuwa hakuweza kusaidia. Pengine alichoka kwa maswali ya mwanafunzi aliyemkimbia mbele kwa akili. Alikuwa na nyumba yenye watoto wengi. Mkewe wa kwanza alikuwa amekufa mwaka 1588, naye akaoa tena mwaka uliofuata. Lakini kimya ni kimya. Anayengoja barua hajui sababu. Ajua tu kwamba haikuja. Ni wangapi kati yetu, wachungaji na walimu, walioandikiwa na kijana aliye mbali, naye yuko katika taabu, tukasema, Sina cha kumpa, basi nitamwandikia nini? Kepler hakuomba fedha tu. Aliomba neno.

Kepler alikwenda Prague kwa Tycho Brahe, na huko akapata alichokitafuta. Mwaka 1609 alitangaza kwamba sayari haziendi kwa duara kamili, bali kwa duara lililobinywa, na jua haliko katikati kabisa. Tena alitafuta nguvu iliyo ndani ya jua, izisukumayo sayari. Hapo mwalimu hakuweza kumfuata. Mwaka 1616 Mästlin alimwandikia kwamba mambo ya nyota yaelezwe kwa hesabu na vipimo tu, wala nguvu za asili zisichanganywe humo. Yule aliyeufungua mlango akasimama kizingitini. Hata hivyo Kepler hakuacha kumheshimu, na katika vitabu vyake alimtaja kama mwalimu wake mpaka mwisho.

Tena Kepler alipatikana na msiba mwingine. Mwaka 1612, katika mji wa Linz, mchungaji wa Kilutheri alimzuia asishiriki Chakula cha Bwana, kwa sababu hakuweza kutia sahihi Kanuni ya Umoja bila kusema ni neno gani lililomshinda. Ni kitabu kile kile kilichomwondoa Apian. Kepler alileta shauri lake Tübingen, na mwaka 1619 wanatheolojia wa chuo alichokipenda wakamkatalia. Wala hakutoka katika Kanisa la Kilutheri, ijapokuwa angalipata faida nyingi kwa kutoka.

7. Mwisho wake

Mästlin aliendelea kufundisha katika uzee wake. Aliiona nyota mpya ya mwaka 1604, akaitazama nyota yenye mkia ya mwaka 1618, mwaka ambao vita ya miaka thelathini ilianza kuiharibu Ujerumani. Kepler alikufa Novemba 1630. Mwalimu wake akaishi zaidi yake. Mästlin alikufa Tübingen mwezi wa Oktoba 1631, mwenye miaka 81. Kiti chake kilishikwa na Wilhelm Schickard, naye pia aliwahi kuwa mchungaji msaidizi, mtu aliyekuwa ametengeneza mashine ya kuhesabia mwaka 1623. Leo shimo moja juu ya uso wa mwezi limeitwa kwa jina la Mästlin. Ni dogo, na karibu nalo liko lingine kubwa zaidi liitwalo Kepler.

8. Tujifunze nini?

Kwanza, hofu huondolewa kwa kupima. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa katika nchi yetu, na pale Rujewa, mkoa wa Mbeya, watu wengi walikusanyika, nao wakaona jua limekuwa kama pete. Saa yake ilikuwa imejulikana miaka mingi mbele kwa hesabu. Waliofundishwa walitazama kwa miwani ya kulinda macho, wakafurahi.

Pili, hesabu ni lugha. Mtoto wa Iramba au wa Manyoni ajifunzaye kugawanya na kulinganisha afundishwa kusoma kitabu kilicho juu ya kichwa chake kila usiku. Mzazi asiseme, Binti huyu hesabu hazimhusu.

Tatu, mwalimu ajiandae kupitwa. Utukufu wa mwalimu si kubaki mbele ya wanafunzi wake, bali kuwafikisha mahali ambapo waweza kwenda bila yeye. Nao wakiisha kwenda, awajibu barua zao.

Maswali na kazi ya kufanya nyumbani

1. Katika usiku usio na mawingu, kati ya Novemba na Februari, wakusanyeni watoto nje, mbali na taa. Kila mmoja ahesabu nyota za Kilimia bila kuambiwa na mwenziwe, kisha azichore. Ni nani aonaye zaidi ya saba?
2. Mwezi uandamapo, itazameni sehemu yake isiyoangazwa na jua. Mwelezeni mdogo wenu mwanga wake watoka wapi.
3. Nyosheni uzi kati ya nyota mbili zilizo pande mbili za mwezi, kisha mtazame tena baada ya saa mbili. Mwezi umekaa pale pale?
4. Je, Mästlin alitenda vema kuwafundisha wanaoanza neno moja na waliokomaa neno jingine? Zungumzeni katika kikundi, na kila mtu atoe sababu.
5. Yuko kijana wa usharika wenu asomaye mbali? Ni lini alipoandikiwa mara ya mwisho?